Hivi dola la Kilwa lilikuwa la nani hasa, na lilikufaje?

mmachinga_wa_ng'apa
Wakuu habari zenu, mimi nipo Lindi mjini. Kila tukikaa barazani kwenye kahawa jioni ikija habari ya Kilwa watu wanagawanyika, kuna wanaosema Kisiwani, yaani kile kisiwa chenye magofu ya mji wa zamani, palijengwa na Waarabu waliokuta pori tupu, kuna wanaosema ni Washirazi kutoka Uajemi, na wengine wanabisha wanasema ni babu zetu wenyewe, hao wageni walifuata biashara tu. Kwetu sisi ni Wamachinga na bibi alikuwa anatuhadithia kabisa kwamba kisiwa kile kilikuwa cha watu wetu kikauzwa kwa nguo. Shuleni tulipita haraka haraka tukahamia Majimaji. Sasa mdogo wangu yupo kidato cha pili ananiuliza na sitaki kumpa majibu ya kubahatisha. Lile dola lilifika mpaka wapi, lilikuwa la kina nani, na je ni kweli Wareno ndo waliolimaliza? Mwenye kujua aeleze taratibu jamani.

pweza_mikindani
Ngoja nianze na ukubwa maana hapo ndo watu wengi wanapitwa. Usilifikirie kama nchi ya saivi yenye mipaka na bendera, ilikuwa ni mji mmoja wenye nguvu unaoshika bandari na visiwa vingine kwa biashara na kwa undugu wa watawala. Kaskazini walishika Mafia, kusini walishika Sofala ambayo leo ipo Msumbiji, na Sofala ndo ilikuwa kila kitu kwasababu dhahabu ya bara kule Zimbabwe ilikuwa inashukia pale.

Sasa kwanini Kilwa na sio Mombasa au Mogadishu? Jibu ni upepo, mkuu. Sisi watu wa pwani tunaijua kaskazi na kusi, jahazi linatoka Uarabuni au India na kaskazi kuanzia Novemba hivi na linatakiwa ligeuze na kusi ikianza kwenye Aprili hivi. Kilwa ndo kama mwisho wa jahazi kufika na kurudi ndani ya msimu mmoja, ukipitiliza kwenda Sofala unaweza ukajikuta unalala mwaka mzima. Kwahiyo mfanyabiashara wa mbali anaishia Kilwa anakuta dhahabu na pembe za ndovu zimeshaletwa na vyombo vya watu wa huku huku, anaacha nguo, shanga, vyombo vya China, anageuza. Na kila kinachopita hapo kinalipiwa ushuru. Mwanzoni dhahabu ilishikwa na watu wa Mogadishu, Kilwa ikawapokonya kwenye miaka ya mwisho ya 1200 huko, na kuanzia hapo ndo unaona utajiri wenyewe.

Ukitaka kuuona kwa macho nenda Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia moja juu ya jabali linaangalia bahari, lina bwawa la kuogea la pembe nane, na hii ni miaka ya 1300 mwanzoni. Msikiti Mkuu nao ukaongezwa kipindi hicho hicho. Kilwa walikuwa wanapiga hela zao wenyewe za shaba zenye majina ya masultani, moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe, bara kabisa. Alafu mwaka 1944 askari mmoja wa Australia akaokota sarafu tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yao, namna zilivyofika kule mpaka leo wanabishana. Mimi nikisikia mtu anasema kusini hakujawahi kuwa na kitu inaniuma sana.

binti_kivinje
Kaka mmachinga, bibi yako hakukudanganya, hiyo habari ya nguo ipo kwenye masimulizi ya zamani ya Kilwa yenyewe. Yale ya Kiswahili yanasema Kisiwani palikuwa na mkubwa anaitwa Mrimba, na yanamtaja kuwa ni wa Wamachinga! Akaja Mshirazi na merikebu yake, akamwoa binti wa Mrimba, kisha akaombwa atandaze nguo kuzunguka kisiwa, akatandaza, Mrimba akahamia bara, na utawala ukaenda kwa mtoto aliyezaliwa na yule binti. Na yale ya Kiarabu yaliyoandikwa miaka ya 1500 yanasema wageni walipofika walikuta Waislamu wanaishi pale na msikiti upo. Kwahiyo hata hao waliotaka kujisifia asili ya ng'ambo hawakusema walikuta pori tupu. Anayesema pori tupu sijui kalitoa wapi.

Alafu mwaka 2023 yalitoka matokeo ya vinasaba, wanasayansi walipima mifupa ya watu 80 wa zamani hasa kutoka makaburi ya mwambao wa Waswahili, wengi wa Kenya, ila Kilwa, Songo Mnara na hata Lindi humo humo imo. Kwa ujumla walichokuta ni kwamba upande wa mama karibu wote ni Waafrika, na damu ya Kiasia imeingia zaidi kwa wanaume, wengi wa Kiajemi, kuanzia kama mwaka 1000 hivi, na baadaye ndo ya Kiarabu ikaongezeka. Ukiiweka pamoja na hadithi ya binti wa Mrimba unaona inaendana. Mji, lugha na nyumba ni vya hapa, wanawake ni wa hapa, na wageni waliingia wakaoa wakawa watu wa hapa. Hata ukoo wa masultani waliojenga Husuni Kubwa, Mahdali, asili yao waliihesabu Yemen, sio Shirazi. Kwahiyo unapouliza Kilwa "ni ya nani" unataka jibu moja kwa mji ambao haukuwa na damu moja tangu mwanzo. Mwambie mdogo wako aandike hivyo hivyo bila kuogopa.

Ndangala_77
Sawa yote hayo lakini tusizunguke, Wareno ndo waliua. Vasco da Gama alikuja 1502 akamtisha sultani kwa mizinga mpaka akalipa dhahabu, na dhahabu ile ile wakaenda kutengenezea chombo cha kanisani mwaka 1506, kipo makumbusho Lisbon mpaka kesho watu wanakilipia kiingilio kukiangalia. 1505 akaja Francisco de Almeida akauteka mji, vikaporwa vitu, sultani Ibrahim akakimbia, wakamweka mtu wao Muhammad Ankoni na wakajenga ngome. Sasa hapo unatafuta muuaji gani mwingine?

pweza_mikindani
Ndangala sikatai, na hiyo dhahabu ya Lisbon na mimi inanikera. Ila angalia miaka. Wareno wenyewe waliiacha ngome ya Kilwa 1512 wakaondoka, walishaona hakuna faida, kwasababu waliishika Sofala moja kwa moja tangu 1505 na bila Sofala Kilwa inabaki na nini? Na kabla hata hawajaja mambo yalishaanza kulegea. Great Zimbabwe ilishadhoofika kwenye miaka ya 1400, dhahabu ikawa inatafuta njia nyingine kaskazini zaidi upande wa Zambezi, Mombasa na Malindi wakawa wamenyanyuka, na pale ikulu Kilwa ilikuwa ni mawaziri na maamiri wanapinduana. Huyo Ibrahim mwenyewe aliyekimbia watu wengi hawakumhesabu kama sultani halali. Wareno waliukuta mji una nyufa wakaupiga kwenye nyufa. Kisha 1587 wakaja Wazimba kutoka kusini wakaushambulia, watu wengi wakauawa.

binti_kivinje
Na haukufa kabisa, hapo ndo napenda watu waelewe ingawa sehemu hii inauma kuisimulia. Miaka ya 1700 Kilwa iliinuka tena lakini kwa biashara ya watumwa. 1776 sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa mmoja, Morice, ampatie watumwa elfu moja kila mwaka wa kupeleka mashamba ya Mauritius na Reunion. Miaka michache baadaye Waomani wakaichukua, na karne iliyofuata shughuli ikahamia huku kwetu Kivinje, bara, misafara inatoka Ziwa Nyasa na watu wamefungwa shingo, inashukia hapa hapa ninapoandikia. Makumi ya maelfu ya watu walipitia Kivinje.

Na tusiseme ilianza na Mfaransa. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa 1331, anamsifia sana Sultani al-Hasan kwa ukarimu, walimwita Abu al-Mawahib yaani baba wa zawadi, anasimulia fakiri wa Yemen alimwomba nguo alizovaa akamvulia. Lakini mwisho wa kisa fakiri yule anapewa watumwa na pembe za ndovu, na Ibn Battuta huyo huyo anasema sultani alikuwa akivamia watu wa bara na kuteka. Hao wa bara ni nani? Huenda ni Wamatumbi, ni Wamwera, ni Wangindo, ni sisi. Mimi najivunia Kilwa kwa moyo wote lakini nikiipita Husuni Kubwa nawafikiria na waliobeba yale mawe.

mmachinga_wa_ng'apa
Dada nimesoma hii mara mbili. Nimemwita mdogo wangu tumesoma wote, anauliza kama mji wa Songo Mnara ni Kilwa hiyo hiyo au ni mji mwingine. Na je tukitoka Lindi mtu anafikaje Kisiwani?

pweza_mikindani
Songo Mnara ni kisiwa kingine kusini kidogo ya Kisiwani, mji wake ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1300 na haukukaa sana, mwanzoni mwa 1500 ulishahamwa, kwahiyo nyumba za mawe zimebaki kwa mpangilio mzuri kuliko hata Kisiwani, unaona kabisa hapa sebule hapa choo. Vyote viwili viliwekwa urithi wa dunia 1981, 2004 vikaingizwa kwenye orodha ya vilivyo hatarini maana bahari na mizizi vilikuwa vinabomoa kuta, vikatolewa 2014 baada ya matengenezo na mikoko kupandwa.

Kufika panda basi la Dar ushuke Nangurukuru, kamata gari ya Kilwa Masoko, pale pitia kwanza ofisi ya mambo ya kale uchukue kibali na mtu wa kuwaongoza, ndo mshuke bandarini mkatafute boti. Mwambie dogo abebe daftari. Na ile Gereza mtakayoiona ukishuka tu ufukweni, ngome ya Wareno ilikuwa hapo hapo lakini kuta nyingi mnazoziona ni za Waomani, wa miaka ya 1800, watu wengi wanapiga picha wanaandika ya Wareno.