Naomba ushauri: mwenye nyumba Istanbul anataka kodi mara mbili

Habari zenu ndugu zangu, hasa mlioko Uturuki. Nalipwa kwa lira, na kila mwezi natuma pesa za ada ya watoto Tanga. Sasa mwenye nyumba anataka kodi ipande iwe mara mbili ya ninayolipa. Nimemweleza kwamba hata baada ya ukomo wa asilimia 25 wa kupandisha kodi ya nyumba kuondolewa Julai 2024, nyongeza haipaswi kuvuka wastani wa mfumuko wa bei wa miezi 12. Jibu lake: hama. Kibali changu cha ukaazi kimeshikana na mkataba wa nyumba hii, na tangu İmamoğlu, aliyekuwa Meya wa Istanbul, akamatwe Machi 2025 na watu wakaandamana, kutembea bila karatasi kamili kunanitia hofu sana.

Kuna mgeni aliyewahi kupeleka mgogoro wa kodi kwa wasuluhishi? Kibali chake kiliguswa?