Bendi ya tumbo: chakula kinakwama na kikohozi usiku baada ya kuongezewa maji

Bi_Temeke
Habari zenu wadau. Dada yangu aliwekewa bendi ya tumbo ya kupunguza uzito Muscat miezi minne iliyopita. Wiki mbili nyuma bendi iliongezewa maji ya kuibana kwa mara ya tatu. Tangu hapo ugali na mkate havipiti kabisa, na akilala anakohoa huku tindikali inamjaa kooni. Uji wa sukari, juisi ya embe na aiskrimu vinapita vizuri tu, ila uzito umegoma kushuka. Kliniki wamempa omeprazo, wakasema avumilie. Ni kawaida hii? Na ale nini?

nesi_wa_zamu
Pole kwa dada. Si kawaida, na asivumilie. Ugali kukwama si ajabu, hicho kikohozi cha usiku ndicho kibaya.

Bendi ni pete ya silikoni inayozunguka sehemu ya juu ya tumbo na kuacha kijifuko kidogo juu yake, ml 15 hadi 30, yaani kama kijiko kimoja hadi viwili vya mezani. Ikibanwa kupita kiasi, chakula na mate vinabaki juu ya pete. Akijilaza vinarudi kooni na vingine vinaingia njia ya hewa, na nimonia huanzia hapo. Omeprazo inapunguza ukali wa tindikali tu, haiilegezi pete.

Kwanza watoe maji. Ni kazi ya dakika chache: daktari anapapasa kidude cha kujazia bendi maji kilicho chini ya ngozi ya tumbo, anasafisha, anachoma sindano ya Huber na kuvuta. Sindano hiyo ina ncha isiyomega mpira wa kidude. Ya kawaida inaumega, kidude kinaanza kuvuja kidogokidogo na bendi inalegea bila mtu kujua sababu. Kabla hajaondoka anyweshwe glasi ya maji, waone yanashuka bila kurudi.

Maji yakishatolewa na bado anatapika au kukohoa, apigwe eksirei huku akimeza bariamu, kinywaji cheupe kinachoonekana kwenye picha. Huenda bendi imeteleza, sehemu ya tumbo iliyo chini ya pete ikapanda na kupita ndani yake, au umio umeanza kutanuka.

Asisubiri miadi akishindwa kumeza hata mate, akipata maumivu makali yasiyokatika, akitapika damu au akitoa choo cheusi kama lami. Huko ni hospitali saa hiyohiyo.

lishe_pwani
Nesi kamaliza upande wa bendi. Mimi naingia kwenye aiskrimu, maana jibu la uzito liko hapo. Bendi haizuii kinachoyeyuka. Mtu akibanwa sana huacha samaki na mboga kwa sababu vinamtesa, akahamia kwenye vitamu laini, na hivyo vinateleza vyote hadi chini. Wengi hudhani dawa ni kubana zaidi. Kumbe ndiyo inazidisha.

Maji yakitolewa, siku mbili za mwanzo atumie vimiminika: maziwa, mtindi usio na sukari, supu iliyochujwa. Siku mbili zinazofuata vya kusaga, kama dengu zilizopondwa au samaki aliyesagwa na mchuzi. Kisha vilaini. Alenge protini gramu 60 kwa siku: yai moja lina kama 6, samaki gramu 100 ana kama 20, glasi ya mtindi kama 8. Protini itangulie, mboga zifuate, wanga mwisho nafasi ikibaki.

Ugali, chapati, boflo na wali bokoboko vinagandana kuwa donge juu ya pete. Nyama ya kuchoma ina nyuzi, na chungwa lina ngozi zake za ndani. Halafu kuna suala la mkono: tonge letu la kawaida peke yake linakaribia kujaza kijifuko chote! Atumie uma mdogo, kipande kisizidi ukucha wa kidole kidogo, atafune mpaka kiwe uji, aweke uma chini kabla ya kingine. Zikifika dakika 20 au 30, aache hata kama sahani haijaisha.

Asinywe wakati anakula, na akimaliza angoje nusu saa. Chakula kikikwama watu hukimbilia maji ili kisukumwe. Hakisukumwi, maji yanarundikana juu yake na vyote vinarudi. Asimame, atembee taratibu, ateme mate. Kikishapita au kutoka, saa 24 zinazofuata ni vimiminika tu, kwa sababu pale pamevimba.

mfamasia_ilala
Naongeza machache. Asiguse diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini za kujinunulia dukani. Zinachubua tumbo na kuongeza hatari ya bendi kulila na kuingia ndani. Hilo likitokea njaa hurudi ghafla, au kidude kinakuwa chekundu na kutoa usaha miezi mingi baada ya upasuaji. Antibayotiki peke yake haiponyi, atazamwe kwa kamera ya tumboni. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli.

Kama ametapika mfululizo kwa wiki mbili, awatajie madaktari vitamini B1. Apewe kabla ya dripu ya glukosi, si baada, maana glukosi inamaliza kile kidogo kilichobaki. Akianza kuyumba, kuona vitu viwiliviwili au kuchanganyikiwa, ni dharura.

Na Nesi, kuhusu Huber nakubali, lakini mate yakiwa hayapiti na sindano hiyo haipo, hata ya kawaida nyembamba itumike. Kidude hubadilishwa.

nesi_wa_zamu
Kweli kabisa, kwenye dharura hakuna kuchagua.

Bi_Temeke
Asanteni sana. Karatasi yake inasema bendi ya ml 10, ndani mna 7. Omeprazo aache?

nesi_wa_zamu
Asiache mpaka aonwe. Karatasi hiyo aende nayo, bendi hazilingani ujazo na daktari mwingine hawezi kukisia. Leo asile chochote kwa muda wa saa nne kabla ya kulala, na miguu ya kitanda upande wa kichwani iwekewe matofali. Mito mingi inamkunja tumbo tu. Kesho asubuhi aende. Wakimwambia tena avumilie, aombe picha ya bariamu.