Wahunzi wa Wikendi, Walukuba, Jinja, Uganda (gumzo la kikundi)

*Alhamisi jioni*

Mama Rehema: Hamjambo jamani. Jumamosi na Jumapili tuko uani kwa Hajati, chini ya mabati. Watu 10, matanuri 2, kila mtu kisu kimoja cha jikoni, bapa lisizidi sentimita 12. Anayewaza panga asubiri.

Okello: Mama Rehema bambi, panga ndilo lenye kazi shambani 😅

Mama Rehema: Moto wetu wenye joto la maana una urefu wa sentimita 15 hivi. Panga utalipasha nusu nusu, na likizamishwa hivyo kwenye mafuta ili likaze linatoka limepinda, huku gumu kule laini. Hapana.

Okello: Haya nimekubali. Nilete nondo? Kuna vipande vimebaki mjengoni hapa Masese.

Mzee Juma: Nondo ziache huko huko. Kaboni yake ni ndogo. Zitafulika vizuri na kisu kitapendeza kwa macho, lakini kwenye mafuta hazikazi. Unanoa asubuhi, jioni kimekuwa butu. Chuma cha kisu tunataka kaboni kuanzia asilimia 0.5 kwenda juu, na springi za gari nyingi zinafika 0.6.

Kato: Springi ninazo gereji, zile bapa za nyuma za pikapu, unene milimita 6. Za lori ni 10 na kuendelea, mtagonga mpaka Jumatatu. Nakata vipande 12 vya sentimita 18 kwa 3, viwili vya akiba.

Mzee Juma: Kato mwanangu, ni springi zilizovunjika?

Kato: Mbili zilivunjika, Mzee. Naruka sentimita 10 kila upande wa palipovunjika ndipo nakata.

Mzee Juma: Hapo sawa. Springi iliyochoka ina nyufa ambazo jicho halizioni. Zinangoja mafuta ndiyo zijitokeze. Ukisikia "tik" wakati wa kuzamisha, hicho kisu ni cha kutupa. Na kata kipande kidogo cha majaribio kutoka kila springi: kipashe, kizamishe, kibane kwenye vaisi ukivunje kwa nyundo. Kikipinda bila kuvunjika, chuma si chenyewe. Kikivunjika tazama ndani. Kijivu laini laini ni salama. Ukiona chembe zinametameta kama sukari, moto ulizidi.

Hajati Nuru: Mimi mwenye uwanja nauliza habari ya moshi. Nina wajukuu hapa.

Mama Rehema: Hajati, mkaa ukishakolea hauna moshi mwingi. Hatari ni mabati na bomba zenye zinki. Bomba la kupitisha upepo liwe chuma cheusi, inchi 1, lisiwe la maji lililopakwa zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, na ukiuvuta usiku unatetemeka kwa homa. Watoto wakae upande wa jikoni, na mtu asije na kandambili.

Babu Seki: Na nguo za nailoni pia. Cheche ikitua inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Pamba au jinzi. Miwani kila mtu, hata anayetazama tu.

Okello: Fuawe, chuma cha kufulia juu yake, je? Mtu mmoja ananiambia ana kipande cha reli.

Kato: Reli ya kuokota usilete, utakuja kueleza polisi ulikoipata 😂 Nina kichwa cha eksoli ya lori, nakisimamisha kwenye gogo. Uso wake ni upana wa kiganja, unatosha kabisa, maana nyundo inapiga mahali pamoja tu. Gogo likatwe ili uso wa chuma ufike kwenye vifundo vya vidole ukiwa umesimama na ngumi chini. Likiwa fupi, mgongo utakuambia kabla ya saa sita.

Mama Rehema: Nyundo kilo 1 hadi 1.5, uso wake usuguliwe kingo ziwe za mviringo. Nyundo ya kona kali inaacha alama ambazo tupa haitazimaliza Jumapili yote.

*Ijumaa*

Babu Seki: Matanuri nimeyakandika jana, udongo wa kichuguu na mchanga. Yamekauka, sijaona ufa. Mkaa ninao magunia 3. Uvunjwe vipande vya saizi ya kiberiti na uchekechwe, vumbi litupwe pembeni, linaziba upepo. Na jamani mkaa wa biashara kutoka kaskazini mwa Uganda ulipigwa marufuku tangu 2023, tusiuchome kwa kupiga soga. Chuma kikitoka motoni, punguza upepo.

Okello: Upepo tunatumia mivukuto?

Babu Seki: Tanuri moja mvukuto wa ngozi, jingine draya ya nywele. Draya ina nguvu kupita kiasi, kwa hiyo nimetoboa tundu kwenye bomba na kuweka kifuniko cha kusogeza. Upepo ukizidi, hewa inaupita mkaa bila kuungua yote na kukila chuma: magamba mazito, na kaboni ya juu inaondoka. Mkaa uwe na kina cha sentimita 15 juu ya tundu la upepo, chuma kilale katikati. Kisishuke chini karibu na bomba.

Mzee Juma: Kwenye kufua, rangi ndiyo kipimo. Anza kugonga kikiwa rangi ya chungwa inayong'aa, acha kikifika wekundu uliofifia. Kugonga chuma kilichopoa ndiko kunakoleta nyufa kwenye makali. Upande wa pili, chuma kikianza kurusha cheche kikiwa bado motoni kimeungua. Hapo hakuna dawa, unakata sehemu hiyo.

Mzee Juma: Tunaanza na ncha, kisha msuka (sehemu inayoingia mpinini), makali mwisho. Na hili wageni hulikosea: ukigonga upande wa makali kuupunguza unene, chuma kinatanuka upande huo, kwa hiyo kisu kinajikunja kuelekea mgongoni. Ukianza na kipande kilichonyooka utamaliza na ndizi. Kabla ya kugusa makali, kipinde kipande kidogo kuelekea upande wa makali, sentimita 1 hivi katikati. Ukigonga makali kitajinyoosha chenyewe. Na geuza kila mapigo matano sita, pande zote mbili zipate sawa.

Okello: Mzee, kikijikunja kuelekea mgongoni si naweza kukinyoosha baadaye?

Mzee Juma: Unaweza, ukiwa na moto na subira. Ila kunyoosha kwa kupiga makali yaliyoshakuwa membamba kunayakunja na kuyapasua. Ndiyo maana nasema pinda kwanza.

Mama Rehema: Ukimaliza kufua, pasha mpaka sumaku isishike, kisha ning'iniza hewani kipoe chenyewe mpaka kiwe cheusi. Mara tatu. Usikiweke kwenye sakafu ya saruji wala upeponi. Wanaoruka hatua hii ndio visu vyao vinapinda kwenye mafuta.

Kato: Halafu kusugua kwa tupa na matundu ya pini za mpini. Matundu yatobolewe KABLA ya kuzamisha. Kikishakaza biti zote za drili zitaisha hapo. Pini ni milimita 4, biti iwe 4.5.

Mama Rehema: Makali yabaki na unene wa milimita 1.5. Najua mnapenda kuyamaliza kabisa, lakini makali membamba yanapoa haraka kuliko mgongo na yanajikunja kama chapati. Kunoa ni Jumapili.

Okello: Na oil chafu ya injini si ipo bure pale kwa Kato?

Kato: Ipo lakini sikupi. Ina metali na makemikali ya injini, moshi wake unavuta wewe na wajukuu wa Hajati. Mafuta ya alizeti, lita 6, kwenye debe refu la chuma lenye kifuniko. La plastiki lisionekane.

Babu Seki: Zamani wahunzi walizamisha kwenye maji tu, si ndiyo?

Mzee Juma: Kwa chuma chao yalifaa. Springi ina kromi, inakaza hata ikipoa polepole kidogo. Maji yanaishtua inapasuka. Mafuta yapashwe kufikia nyuzi 50 hadi 60, tumbukiza kipande cha chuma cha moto uyakoroge. Yakiwa baridi ni mazito, hayapoozi vizuri. Wengi wanashangaa lakini ndivyo.

Mama Rehema: Tunazamisha saa kumi na mbili na nusu jioni. Si kwa ajili ya urembo. Juani chuma cha moto kinaonekana cheusi, unaendelea kupasha bila kujua. Sumaku inaachia karibu nyuzi 770, springi inataka juu kidogo, kama 830. Kwa hiyo ikiachia, ongeza rangi kidogo tu, shikilia dakika moja, zamisha.

Mzee Juma: Ncha kwanza, wima, kisu chote chini ya uso wa mafuta. Sogeza mbele na nyuma kwa mwelekeo wa makali na mgongo, KAMWE usitikise kushoto kulia. Mafuta yakiwaka juu usiruke nyuma na kisu mkononi. Funika debe. Maji yasikaribie hapo. Toa baada ya sekunde 10 hivi, angalia kama kimenyooka. Una muda mfupi tu wa kukibana kati ya mbao mbili kabla hakijakataa.

Okello: Nitajuaje kimekaza?

Mzee Juma: Pitisha tupa ya zamani kwenye makali. Ikiteleza bila kuuma, kimekaza. Ikikwangua, rudi motoni.

Mama Rehema: Hapo kisu ni kama kioo, kikianguka kinavunjika. Ndani ya saa moja kiwe kwenye oveni ya Hajati: nyuzi 200, muda wa saa mbili, kipoe, tena muda wa saa mbili. Sugua upande mmoja ung'ae kabla, ili uone rangi. Manjano iliyokolea ndiyo tunataka. Zambarau au bluu ni laini mno kwa kisu cha jikoni.

Hajati Nuru: Na umeme ukikatika? Bwawa la umeme liko hapo mlangoni mwetu na bado gizani tunakaa.

Mama Rehema: Hajati, Babu Seki ana bamba nene la chuma. Tutalipasha liwe jekundu, tulalishe mgongo wa kisu juu yake, rangi ipande polepole kuelekea makali. Ikifika manjano unachovya kwenye maji. Ni kazi ya macho, mmoja mmoja. Oveni ni bora.

Kato: Mbao za mpini nani? Mvule mbichi hatutaki, utakauka na kulegea kwenye pini.

Babu Seki: Nina mvule wa kitanda cha zamani na vigogo vya mti wa kahawa vilivyokauka. Vumbi la mvule linawasha pua, barakoa kila mtu.

Kato: Gluu ya epoksi mimi. Biti ya 4.5 ndiyo sina, imevunjika.

Okello: Fundi wa hapa anayo, naichukua leo. Mama Rehema tukutane saa ngapi?

Mama Rehema: Saa mbili moto uwe umekolea. Njoo saa moja na nusu tuvunje mkaa.