Je, ni sheria ya 1934 iliyoinyang'anya Boeing soko la ndege za abiria?

Wadau, kila yanapozungumzwa mambo ya viwanda vya ndege hurudi hoja ileile: Boeing walikuwa mbele ya wote, serikali ya Marekani ikawavunja mwaka 1934 kwa sheria ya barua za ndege, mshindani wao Douglas akaokota ngekewa. Mimi naipinga. Boeing walijifungia mlango wenyewe, karibu miaka miwili kabla sheria haijapita.

Kwanza haki ya ndege yenyewe. Boeing 247 iliruka mara ya kwanza tarehe 8 Februari 1933. Mwili na mabawa vyote vya metali, injini mbili, magurudumu yanakunjwa baada ya kupaa, abiria kumi. Mashirika ya Marekani wakati huo yalikuwa bado yanategemea midege ya injini tatu ya Ford na Fokker, na hizo za Fokker mabawa yake yalikuwa ya mbao. Bawa la namna hiyo ndilo lililovunjika angani huko Kansas tarehe 31 Machi 1931, gundi ikiwa imeachia kwa unyevu. Watu wanane walikufa, mmoja wao Knute Rockne, kocha maarufu wa mpira wa Kimarekani. Ndege ilikuwa ya TWA. Kwa hiyo hakuna shirika lililoihitaji ndege ya metali kwa haraka kama TWA.

TWA wakabisha hodi Boeing. Wakaambiwa wasubiri, kwani ndege 60 za mwanzo zilikuwa za shirika la ndege la United. Na United, Boeing na Pratt & Whitney, waliotengeneza injini, wote walikuwa chini ya kampuni mama moja, United Aircraft and Transport. Ndugu kwanza, mteja baadaye.

Tarehe 2 Agosti 1932 Jack Frye wa TWA akaviandikia viwanda kadhaa barua fupi: nataka ndege ya metali, injini tatu, abiria wasiopungua 12. Donald Douglas, kule Santa Monica, akajibu kwa pendekezo la injini mbili. TWA wakakubali kwa sharti zito: injini moja ikizimika, ndege iweze kupaa kutoka kiwanja chochote wanachotumia, hata vile vya nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi. Ndege yake hiyo, DC-1, iliruka tarehe 1 Julai 1933. Septemba ikapaa kutoka Winslow, Arizona, ikafika Albuquerque huku injini moja ikiwa imezimwa. Mteja aliyekataliwa ndiye aliyemlazimisha Douglas kufika hapo, na ndiyo maana nalithamini jaribio hilo kuliko rekodi zote za kasi za miaka ile.

Kuna na jambo la ndani ya ndege. Kwenye 247 mhimili wa bawa ulikatiza katikati ya chumba cha abiria, na kila mtu alilazimika kuuruka, hata mhudumu mwenye sinia mkononi. Douglas aliupitisha chini ya sakafu.

Sasa tazameni tarehe. DC-2, mrithi wa DC-1, ya abiria 14, iliingia kazini TWA Mei 1934. Sheria ya barua za ndege, iliyokataza shirika linalobeba barua kuwa mali moja na kiwanda cha ndege, ilisainiwa Juni 1934. Mwezi mmoja baadaye!

Hoja moja ya upande wa pili naiheshimu: bila oda ile ya 60, nani angegharamia ndege mpya katikati ya mdororo wa uchumi? Ni kweli, undugu uliizaa 247. Lakini undugu huohuo uliibania isikue, kwani jumla zilitengenezwa 75 tu. Wala sisemi serikali ilitenda kwa hekima. Februari 1934 Rais Roosevelt alifuta ghafla mikataba ya mashirika ya kubeba barua, marubani wa jeshi wakabebeshwa kazi hiyo na kutupwa kwenye baridi kali na ndege zisizo na vifaa vya kutosha, na kadhaa wakafa. Hilo halina utetezi. William Boeing, mwanzilishi wa kampuni, naye aliuza hisa zake mwaka huo akaondoka.

Kisha ikaja DC-3, Desemba 1935, viti 21. Hii ndiyo Dakota ambayo wazee wetu waliipanda enzi za East African Airways. Na miongoni mwa walioinunua ni United wenyewe, waliokuwa wamezihodhi zile 247.

Kwa hiyo anayeilaumu sheria ya 1934 atuonyeshe hapa: ni mteja gani aliyekuwa anaitaka 247, akazuiwa na sheria hiyo asiinunue? Wa kuzuiwa na Boeing wenyewe nimeshamtaja.