Bajeti ya UKIMWI mliwaachia wafadhili, leo bomba limefungwa mnatuambia tuwe watulivu

Wakuu, hili limenikaa kooni na leo nalisema.

Aprili 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Nchi zilizotimiza ahadi hiyo ni za kuhesabu. Zilizobaki ziliona njia ya mkato: Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulianza 2002, PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ikaja 2003, basi, ARV, yaani dawa za kufubaza virusi, zikageuka shughuli ya wafadhili. Serikali zikabaki na hotuba za Desemba mosi, Siku ya UKIMWI Duniani.

Januari 2025 Washington ikasimamisha misaada. Ndani ya siku chache kliniki zikafungwa na waelimishaji rika wakaambiwa wasije kazini. Baadaye kikatoka kibali cha kuendelea na huduma za kuokoa maisha, lakini PrEP, yaani dawa ya kumkinga asiye na virusi asiambukizwe, ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Binti wa miaka 19 asiye na mimba, nje. Anayejidunga dawa za kulevya, nje. Anayeuza ngono, nje. Nani akingwe na nani aachwe, tumeamuliwa na watu ambao hatukuwapigia kura, na wizara nyingi zikanyamaza kimya!

Mmarekani simlaumu sana, hela ni zake. Namlaumu aliyekuwa na miaka zaidi ya 20 ya kujipanga asijipange. Zimbabwe, pamoja na matatizo yake yote ya uchumi, tangu 2000 inatoza nyongeza ya asilimia 3 juu ya kodi ya mapato kwa ajili ya mfuko wa UKIMWI. Haitoshi, najua. Ila ipo, na ni yao. Wenye uchumi mkubwa kuliko wao wanasubiri nini?

Halafu hicho kidogo tunachotoa wenyewe kinaishia wapi? Semina, posho, magari, fulana za maadhimisho. Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kinakosa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Mhudumu wa jamii anayemfuata mgonjwa aliyeacha dawa ndiye wa kwanza kupunguzwa, kwa sababu hana wa kumtetea kwenye vikao vya bajeti.

Na hii ndiyo sehemu inayonitia hasira kuliko zote, maana sayansi yake iko wazi. Mtu anayemeza ARV vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Kwa hiyo dawa ile ile inatibu na inakinga. Ukimkatishia, virusi vinapanda, usugu unaingia, unalazimika kumhamishia kwenye dawa za ghali zaidi, na huku maambukizi mapya yanaendelea. Huko ni kubana matumizi kwa namna gani? Mwaka 2024 watu wapatao 630,000 duniani walikufa kwa magonjwa yanayotokana na UKIMWI, wakati dawa zipo.

Sasa kuna sindano ya lenacapavir, unachomwa mara 2 tu kwa mwaka kujikinga. Imeshatangazwa kwamba kuanzia 2027 toleo lake la bei nafuu litauzwa kama dola 40 kwa mtu kwa mwaka katika nchi 120. Waziri gani wa fedha ameshaitengea fungu? Au tunasubiri tena mfadhili atupangie wa kuchomwa?

Nataka kifungu cha ARV, vipimo na PrEP kiwe kwenye bajeti kuu, kwa hela za kodi, kisiguswe katikati ya mwaka. Mwenye kitabu cha bajeti cha nchi yake akifungue, atuwekee hapa serikali imetoa kiasi gani na mfadhili kiasi gani.