Gari kuchemsha: wadau wa Tanga tupeane uzoefu, ugonjwa ulikuwa wapi hasa?

Mzee wa Ngamiani
Wadau salama? Joto hili kila nikipita Kange au pale Segera sikosi kuona gari imefunuliwa boneti inafuka moshi na mwenyewe kasimama na dumu. Sasa naomba tukusanye uzoefu hapa, ila sio zile za "nilipeleka kwa fundi ikapona", hizo hazimsaidii mtu. Sema gari gani, ilikuwa inachemsha WAKATI GANI (ukisimama, ukipanda mlima, ukiwasha ac, au ovyo ovyo tu), walibadilisha nini bure, na mwisho wake ilikuwa nini. Hilo la wakati gani msiliruke, maana mie naona ndo penye siri yote na mafundi wetu wengi hawaulizi, unafika tu hujakaa sawa ushaambiwa leta hela ya rejeta (kile cha mbele kinachopoza maji ya injini).

Naanza mie. Carina Ti, injini 5A. Ukienda nayo Muheza mshale umetulia chini ya nusu, ukirudi ukakwama pale Mgandini sokoni nyuma ya mikokoteni unapanda mpaka roho inakudunda. Fundi wa kwanza kauza rejeta, ikafungwa, hali ile ile. Jamani gari ikiwa mwendoni upepo unaingia wenyewe mbele, ikisimama inategemea feni, kwa hiyo inayochemsha ikiwa imesimama tu mtu wa kwanza kushikwa ni feni! Kijana mmoja fundi umeme alichofanya alichomoa soketi ya ile swichi ya joto iliyoko kwenye rejeta, akaweka switi on bila kuwasha injini. Kwa Toyota hizi za zamani ukichomoa hiyo soketi feni inatakiwa izunguke yenyewe. Kimya. Akaenda fyuzi nzima, rilei nzima, akapelekea feni umeme wa betri moja kwa moja, kimya, akagonga motor na kitako cha spana ikashtuka ikazunguka. Kaboni zinazopitisha umeme ndani ya motor zimeisha. Nikanunua motor ya mtumba, rejeta mpya imebaki pambo tu.

DadaPasso
Shikamoo mzee. Mie Passo, na tatizo lake la kwanza haina mshale. Ina taa, ya bluu ikiwa baridi, nyekundu ikishachemka, hapo katikati hujui chochote. Kwa hiyo ile nyekundu ikiwaka ujue mambo yashaharibika kitambo.

Yangu ilikuwa inapunguza maji kidogo kidogo. Fundi kaniambia dada we ongeza tu kila asubuhi, ndo zilivyo Passo. Ndo zilivyo!! Gari imetengenezwa kiwandani iwe inanyweshwa kila asubuhi kama ng'ombe? Nikaenda kwa mwingine, mzee mtu mzima, hakugusa spana, aliinama na tochi akanionyesha ubavuni mwa wota pampu kuna tundu dogo na chini yake alama imekauka rangi ya waridi, rangi ya kulenti (ile dawa ya maji ya rejeta). Akasema hilo tundu liliwekwa makusudi, sili ya ndani ikiisha maji yanatokea hapo ili uone mapema. Likianza kulia pampu inaomba kubadilishwa, usizibe. Matone yalikuwa yanakaukia kwenye injini ya moto ndo maana chini pa kuegesha siku zote pakavu.

Pampu ikabadilishwa na mkanda wake. Halafu kuna kidude cha kuchomeka kwenye ile soketi iliyo chini ya usukani kinakusomea joto la injini kwenye simu. Wenye Passo na Vitz kinunueni, naona kati ya 85 na 95 nalala usingizi.

Suka wa Pongwe
Hizi habari ndefu za nini, Hiace ya injini 5L ukitoa themostati (ile valvu ya joto inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta) umemaliza. Mji huu wa joto themostati ya nini? Hiyo ni ya kina mzungu kwenye barafu. Daladala zote nilizoendesha hazina na tunapiga ruti kutwa.

fundi_makorora
Kaka Suka heshima yako lakini hapo sikubaliani na wewe, na 5L uliyoitaja ndo mfano mbaya kabisa wa kutoa themostati.

Iko hivi. Themostati nyingi za Toyota zinafunguka kwenye nyuzi 82, imeandikwa kwenye chuma chenyewe ukiisafisha. Kabla ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini tu kupitia njia ya mkato. Sasa themostati ya injini hizo za L ina sahani mbili, ya juu inafungua njia ya rejeta na ya chini wakati huohuo inaziba ile njia ya mkato. Ukiitoa umefungua zote mbili, maji ya moto mengine yanarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Ruti fupi ya mjini unaweza usijue. Pakia watu na magunia uende Lushoto uone. Na barabarani mteremko injini haifiki joto lake, dizeli inaungua vibaya, inakula mafuta na inachakaa.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Tia kwenye sufuria ya maji, weka kwenye jiko, kabla maji hayajachemka inatakiwa ifunguke, ukiitoa ikapoa ijifunge. Haikufunguka tupa. Na kuishuku ni rahisi, injini imepata moto kweli kweli shika hosi ya juu ya rejeta na ya chini (kwa uangalifu, feni inaweza kuwaka ghafla). Ya juu inaunguza na ya chini baridi, basi maji hayapiti, ni themostati imeganda au rejeta imeziba. Inayochemsha ukiwa mwendo mkubwa au mlimani wakati mjini ni nzima, hapo nenda kwenye rejeta, pampu na gasketi (inayoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku), feni achana nayo.

Suka wa Pongwe
Fundi hiyo ya sahani mbili sikuwa naijua. Lakini themostati za madukani nyingi feki, unafunga leo kesho inaganda imefunga, unaua injini ya tajiri. Bora isiwepo.

fundi_makorora
Hapo kwenye feki upo sahihi, ndo maana nasema ichemshe kwenye sufuria KABLA ya kufunga, hata mpya. Ukiifunga angalia kale kadude kanakochezacheza pembeni, kanakaa juu, hewa ipite hapo. Hewa ikibaki ndani gari itachemsha na maji yamejaa mpaka mdomoni.

Mshambaa wa Soni
Habari za huko pwani. Huku kwetu mlimani gari zinatufundisha haraka. Ukitoka Mombo pale chini kuanza kona za kupanda Soni hadi Lushoto, kama gari yako ina ugonjwa itausema njiani hakuna kuficha.

Premio yangu, mjini Tanga nzima kabisa. Ikifika Soni inatema maji kwenye kile kitenki cha akiba, yanafurika mpaka chini, na ikipoa hayarudi. Wakanibadilishia themostati, wakaosha rejeta, wengine wakaanza kusema hedi. Kumbe kifuniko. Kifuniko cha rejeta! Mpira wake umekauka na springi imelegea. Watu wanakidharau lakini kile sio mfuniko wa sufuria tu, kimeandikwa 0.9 au 1.1 pale juu, hiyo ni presha inayotakiwa kubana. Maji yakiwa wazi yanachemka 100 huko kwenu, huku Lushoto ambako tupo kama mita 1,400 juu ya bahari yanachemka kwenye 95 hivi. Kifuniko kizima kinayabana mpaka yavuke 115 bila kuchemka. Kibovu maana yake unapanda mlima na sufuria wazi, mshale hata haujafika kwenye nyekundu maji yanaruka.

Ukinunua kingine angalia namba ifanane na ya zamani, usiweke kikubwa ukidhani ndo dawa, utapasua hosi. Na ule upande wa kunyonya, kale kavalvu kadogo katikati, kakiwa kabovu maji ya akiba hayarudi na hosi ya juu utaikuta asubuhi imejikunja.

Machungwa ya Muheza
Kenta, tunabeba machungwa. Msimu ukiwa umechanganya ilikuwa inachemsha ikiwa na mzigo tu, tupu haina neno. Rejeta ilishaoshwa ndani kwa dawa, safi. Kumbe uchafu uko NJE, majani, wadudu, vumbi la njia za mashambani likichanganyika na mafuta ya injini yanayovuja limekuwa udongo kati ya mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta. Mbele unaona safi maana wanaosha mbele. Osha kutokea upande wa injini kwenda mbele, maji ya presha ndogo, presha kubwa inalaza mapezi. Kwenye gari ndogo zenye ac angalia kati ya kondensa (rejeta ya ac) na rejeta, hapo ndo makao makuu ya takataka.

Bint Sahare
Naongezea kwa sie tunaokaa karibu na bahari, upepo wa chumvi unakula mapezi. Shika kwa kidole tu, ukiona yanamomonyoka kama unga hiyo rejeta imekwisha hata kama haivuji tone. Na maji ya visima vyetu yana chumvi msiyatie, yanaacha gamba ndani. Kulenti sio ya barafu tu, ina dawa ya kuzuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Ukikosa kabisa tumia maji ya mvua.

Noah nyeupe
Yangu ndefu kidogo mtanivumilia.

Noah ya 3S, nilimpa dereva apeleke watu msibani Korogwe. Kurudi, maeneo ya Hale mshale ukapanda, akasimama, akasubiri kidogo, akaondoka, mbele kidogo mshale ukashuka wenyewe mpaka chini kabisa. Akafurahi imepoa! Akaikanyaga. Kumbe maji yamekwisha, kile kisoma joto kinatakiwa kiwe ndani ya maji, yakiisha kimebaki kwenye hewa kinasoma uongo. Mshale ukipanda sana halafu ukaanguka ghafla ni habari mbaya kuliko ulipokuwa juu, zima hapo hapo. Kilichopasuka ni hosi ndogo tu ya hita nyuma ya injini, kitu cha bei ya soda.

Hosi ikabadilishwa, gari ikatembea kama wiki hivi, ndo maradhi yakaanza. Asubuhi inawaka kwa kukohoa na moshi mweupe, ikipata moto inatulia. Maji yanapungua hakuna pa kuvuja, mazulia ya ndani makavu kwa hiyo sio hita. Na hii ndo ishara iliyonishawishi, asubuhi imelala usiku mzima, washa, dakika chache tu hosi ya juu ngumu kama jiwe wakati injini bado haijapata joto. Hiyo presha sio ya maji kuchemka, ni ya moto wa silinda unaopenya kwenye gasketi. Tukafungua kifuniko ikiwa baridi, tukajaza, tukawasha, mapovu yanatoka mfululizo hayaishi. Kifuniko cha oili kilikuwa safi, hakuna ule uji wa rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo msingoje mpaka oili ichanganyike ndo mkubali ni gasketi.

Fundi akataka kuweka gasketi mpya jioni hiyohiyo tuondoke. Nikakataa, hedi ikaenda kwa watu wa mashine, wakalaza rula ya chuma na kupima kwa vile vijibati vyembamba. Inayoruhusiwa ni kama 0.05 ya milimita, yangu katikati ilikuwa inaingia kijibati cha zaidi ya mara tatu ya hapo. Ungeweka gasketi juu ya hedi iliyopinda ungeifungua tena. Ikachongwa, ikapimwa nyufa, ikarudi. Bolti zikakazwa kwa spana ya kipimo kuanzia katikati kwenda pembeni kwa awamu, sio kwa nguvu ya mkono na bismillah peke yake.

Mzee wa Ngamiani
Noah pole sana, lakini umetufaa. Hebu mtu aseme na pale barabarani penyewe, ikishachemka mtu afanye nini.

DadaPasso
Zima ac, washa hita moto wa mwisho na feni yake yote, mtaungua miguu lakini inatoa joto la injini. Hiyo ni ya kukufikisha pa kusimama salama, sio ya kufika Segera. Maji yakiwa yamekwisha hita haisaidii kitu.

fundi_makorora
Sahihi dada. Ukisimama zima, fungua boneti, kaa kivulini nusu saa au zaidi. Kifuniko USIKIGUSE, hata kwa tambara, yale maji yamepita 100 yakipata tundu yanaruka mvuke usoni. Bonyeza hosi kwanza, ikiwa laini ndo ufungue robo, subiri ipumue, umalize. Na usimwage maji ya baridi kwenye injini iliyokauka, hedi inapasuka. Subiri, tia kidogo kidogo injini ikiwa inazunguka.

Suka wa Pongwe
Na lile yai? Wazee wa fuso walikuwa wanatia ute wa yai kwenye rejeta inayovuja, inaziba kweli nimeona kwa macho yangu.

fundi_makorora
Inaziba, sikatai. Ute unaganda kwenye tundu, shida unaganda na kwenye vibomba vya rejeta na vya hita ambavyo havina tundu. Kuna gari ililetwa hapa Makorora, nimefungua rejeta vijana wote wakatoka nje, harufu yake ilikaa gereji mpaka wateja wakawa wanauliza kumekufa nini. Rejeta ile haikuzibuka. Ukikwama porini usiku na yai unalo tia ufike, ila ukifika mwambie fundi umetia yai, usimwache agundue kwa pua.