Zana ya kuvua samaki upanga bila kuua kasa, kwetu inawezekana?

MuuzaPerege_Dom aliandika:

Mbukwenyi wakuu. Niko Dodoma hapa, nauza samaki, mzigo wangu mwingi unatoka bwawa la Mtera na mara moja moja napokea wa baharini wakiwa kwenye barafu. Shemeji yangu yuko Mafia anavua kwa jarife, juzi tunaongea kwenye simu ananiambia wamevuta wavu alfajiri wakakuta kasa wamekufa humo na pomboo mmoja, jodari wenyewe wa kuhesabu, afu wavu umechanika vibaya wanakaa siku nzima kuushona. Kinachomuuma ni kwamba hana namna, wavu ukishautandaza usiku unakamata chochote kinachopita.

Nikaanza kusoma soma nikakutana na habari za Marekani, kule California, kwamba wamebuni zana ya kumvua samaki upanga, yule mkubwa wa bahari kuu mwenye pua ndefu bapa, wanamvua mchana kwenye kina kirefu na karibu kila kinachonasa ni kile walichokifuata. Naomba mnaojua mnieleweshe inafanyaje kazi na kama boti za kwetu zinaweza. Na huku bwawani tujifunze nini maana Mtera nako tunamaliza, perege wengine wanaoletwa sa hizi hawajazi hata kiganja, naumia kuwapanga mezani.

Samaki_na_Maji alijibu:

Mkuu umeuliza jambo la maana sana, mimi nimesoma mambo ya uvuvi ngoja nijitahidi kueleza.

Iko hivi, samaki upanga mchana anashuka chini sana, mita mia tatu, mia nne na zaidi, usiku anapanda karibu na juu kufuata chakula. Kule chini ni giza na baridi kali, ila yeye ana misuli maalum karibu na macho inayopasha joto macho na ubongo, kwa hiyo anaona na kuwinda mahali ambapo samaki wengi hawawezi. Sasa kasa, pomboo na wengine wengi mchana wako tabaka la juu lenye joto. Wavu wa usiku unamkuta samaki upanga akiwa juu pamoja na hao wote, ndo maana wanakufa wote. Watafiti wa taasisi ya Pfleger, ya huko huko California, wakaanza kumfuata mchana, saa ambayo yuko chini mbali na wenzake.

Zana yenyewe ni rahisi kuliko unavyofikiria. Kila seti ni maboya machache juu, kamba moja inayoshuka wima, ndoano chache tu na chubwi zito mwishoni, kilo tatu na kitu. Uzito huo ndo siri, chambo kinapita tabaka la juu haraka kabla kasa hajakiona. Boti inaweka seti zisizozidi 10 na haiondoki, inabaki hapo hapo inaangalia maboya. Samaki akila, boya linazama, au akipanda na lile chubwi kamba inalegea na maboya yanabadilika yanavyokaa, mvuvi anaona hapo hapo anaenda kuvuta. Hata akinasa asiyetakiwa anamkuta bado mzima anamrudisha majini. Na samaki upanga anafika sokoni akiwa freshi kabisa, bei yake inakuwa juu kuliko wa wavu aliyekaa usiku kucha amekufa.

Majaribio yalianza mwanzoni mwa miaka ya 2010, serikali yao ikaja kuiruhusu rasmi 2023. Na mwishoni mwa 2022 walishapitisha sheria ya kuondoa zile nyavu kubwa za kuelea ndani ya miaka mitano. Yaani mvuvi hakuambiwa tu acha wavu, zana mbadala ilikuwa imeshajaribiwa na wavuvi wenyewe wakiwa ndani ya boti. Hapo ndo napapenda.

Jahazi_la_Kusini alijibu:

Shukrani kwa maelezo kaka. Mimi nimekulia kwenye jarife, naomba niseme ya upande wetu.

Maji marefu tunayo, mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita na nchi kavu unaiona, kwa hiyo si lazima uende mbali sana. Shida ni mbili. Jarife unalitupa jioni unapumzika, alfajiri unavuta, hii zana inataka macho ya mchana kutwa na kuvuta kamba ya mita mia tatu na mnyama wa kilo mia hivi mwishoni, kwa mikono ni kazi ya kuumiza watu, lazima uwe na winchi hata ndogo. Ya pili ni barafu na mnunuzi. Samaki wa aina hiyo ukimleta hana barafu umepoteza mafuta na samaki, na sisi tunaishi kwa jodari na nguru, samaki upanga kwetu anakuja kwa bahati tu. Kwa boti yenye uwezo nasema wajaribu tena haraka, ila kwa shemeji yako mwenye jarife naona kuna hatua ya karibu zaidi. Kule Pakistan wavuvi wa jodari walishusha nyavu zao zikakaa kama mita mbili chini ya uso wa maji badala ya kuelea juu kabisa, kasa na pomboo walionasa wakapungua sana, ingawa jodari nao walipungua kiasi. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ni mwanachama, nayo ikaliingiza hilo la mita mbili kwenye maazimio yake ya 2019. Wavu ni ule ule, unabadilisha kamba za maboya tu.

Mama_Migoli alijibu:

Wanangu mmeongea bahari, mimi niongelee bwawa maana mwenye swali kaligusa.

Mnachosema cha kumjua samaki yuko wapi saa ngapi ndo hicho hicho Mtera. Perege dume anachimba kiota maji ya kando, jike akishataga anabeba mayai mdomoni na watoto wakianguliwa bado wanakimbilia mdomoni kwa mama. Sasa kokoro, ule wavu wa kuburuta, linaburutwa wapi? Hapo hapo kando. Nimeshika jike kwenye kokoro, ukimbinya kidogo mashavu mayai ya njano yanamwagika kwenye kiganja, watoto mia na kitu wamekwisha na mama yao kwa mpigo. Hata likiwa na macho, yaani matundu, makubwa kiasi gani, kokoro mahali pale litaua tu, na ndo maana limepigwa marufuku. Timba, zile nyavu za uzi wa plastiki, nazo hivyo hivyo, uzi hauonekani majini na zikipotea zinaendelea kuua.

Wavu wa kutega wa macho halali unachagua wenyewe, mdogo anapita, anayelingana na jicho anakabwa. Lakini angalieni unavyofungwa kwenye kamba. Ukifungwa umelegea sana unakuwa wa kuviringisha, unakamata wakubwa kwa wadogo hata kama jicho ni halali. Vijana wengi hawalijui hili, wanalegeza ili wapate wengi. Na usitegwe kwenye majani ya kando, sogeza kwenye maji ya katikati. Nawe baba wa Dodoma ukiletewa wasiojaza kiganja usinunue, sisi huku tukisikia Dodoma wamekataa mzigo tunajua siku hiyo hiyo.

MuuzaPerege_Dom alijibu:

Mama shikamoo na asante sana, hilo la mzigo nimelipokea, nitaongea na wenzangu sokoni maana nikikataa peke yangu anachukua wa meza ya pili. Jahazi, shemeji nimemsomea hiyo ya mita mbili, kauliza ataanzaje bila kuhatarisha riziki ya wenzake kwenye boti?

Jahazi_la_Kusini alijibu:

Asishushe wote. Jarife ni vipande vimeunganishwa, achukue nusu aongeze kamba kati ya boya na kamba ya juu ya wavu iwe mita mbili, nusu nyingine abaki nayo kama kawaida, usiku ule ule na maji yale yale. Maboya ya nusu iliyoshushwa ayafunge kitambaa cha rangi asichanganye. Wakivuta wahesabu kila upande kivyake, jodari wangapi, kasa wangapi, waandike kwenye daftari pale pale wasingoje kufika ufukweni. Afanye hivyo mwezi kamili, giza na mbalamwezi vyote vipite, afu hizo hesabu azipeleke BMU yao, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe. Mwambie anitafute inboksi nimuelekeze namna ya kufunga.